Niliifukuza Mashine Iliyokuwa Ikimsomea Mtoto Wangu

Nilikosea mimi. Si mwalimu, si serikali, si shetani. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, watu wakinipigia makofi.

Tafadhali usinipe pole. Nimepewa pole nyingi kanisani na hakuna hata moja iliyomfanya mtoto wangu asome neno. Nisikilize tu mpaka nimalize. Halafu ukitaka kunitukana, nitukane. Nimeshajitukana vya kutosha, hutanishtua.

Nina msichana mmoja. Nitamwita Chela, ingawa si jina lake. Tunaishi upande huu wa Roret, pale mashamba madogo ya wenyeji yanapopakana na shamba kubwa la chai la kampuni. Zamani nilikuwa mchuna chai wa hilo shamba kubwa. Siku hizi nachunia watu kwa mashamba yao madogo, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Lazima nikwambie nilivyopoteza ile kazi, maana ujinga wangu ulianzia hapo.

Siku mashine za kukata majani zilipoletwa, supavaisa alitukusanya kando ya barabara ya shamba, sisi wanawake na vikapu mgongoni na aproni za nailoni kiunoni. Akaishika ile mashine, akaipapasa kama ndama. Akasema, "Akina mama, msiogope. Hii ni ya kuwasaidia tu."

Ya kuwasaidia tu! Tulicheka. Mmoja wetu akamuuliza kama itatufulia na nguo.

Kabla ya mvua kubwa kurudi, wanaume wachache walikuwa wanapita na ile kitu ikinguruma juu ya vichaka vyetu, na sisi tuko nje ya geti tumebeba masufuria na magodoro. Kazi ilienda na nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kampuni. Chela alikuwa bado mgongoni. Baba yake akasema anaenda Naivasha kwa mashamba ya maua kutafuta kazi. Akatafuta kazi, akatafuta na mke. Huyo simtaji tena hapa.

Tangu siku hiyo mtu akitaja mashine damu inanichemka. Huku kwetu si mimi peke yangu. Uliza mwanamke yeyote aliyechuna.

Sasa Chela. Huyu alikuwa mtoto wa maneno! Angeweza kukusimulia safari ya kwenda mtoni mpaka wewe uliyekwenda naye ukaona kama hukuwepo. Lakini kusoma, jameni! Alifika gredi ya tatu na bado ukimwandikia "mama" anakuangalia kama umemwekea nyoka kwa meza.

"Mama, herufi zinahama," alikuwa ananiambia.

"Zina miguu? Soma!"

Nilimfinya masikio. Nilimchapa na mwiko. Leo nasema yote, sifichi kitu.

Hiyo gredi ya tatu akapata mwalimu mgeni. Nitamwita Madam Lily. Msichana mdogo kutoka upande wa Kaplong, hajaolewa, mfupi, ukimkuta uwanjani unaweza kudhani ni mwanafunzi wa darasa la juu. Darasa lake lilijaa mpaka watoto wengine wanakaa kwa dirisha. Nilimdharau siku ya kwanza nilipomwona. Nikajiambia, huyu ataweza nini?

Lakini Chela akaanza kubadilika, na mimi sikuuliza kwa nini. Akawa anatoka shule akikimbia. Akawa ananisimulia hadithi ya chura aliyekataa kuhama bwawa lilipokauka. Siku moja nakoroga ugali, akachukua pakiti ya majani, akaweka kidole juu ya maandishi.

"Cha... i," akasema polepole.

"Si unajua ni majani chai? Umekisia."

"Hapana, Mama. Nimelisikia kwa kichwa."

Nikacheka. Mtoto wangu alikuwa amesoma neno lake la kwanza jikoni kwangu, na mimi nikacheka, nikaendelea na ugali.

Siku niliyojua kinachoendelea darasani, mvua ilikuwa imeanza asubuhi na Chela alisahau sweta. Nikampelekea. Nilipofika nikachungulia dirishani kwanza.

Darasa zima lilikuwa limesimama, linasoma ubaoni kwa sauti moja mpaka mabati yanatetemeka. Na wangu? Wangu ameketi pembeni, karibu na ukuta, vitu vyeusi vimemziba masikio, tableti iko mbele yake. Kando yake Dorkas, binti wa jirani yangu, yule wa macho mabovu, naye ameinamia tableti yake yenye herufi kubwa kama vikombe.

Nikaona jambo moja tu. Watoto wenye akili wanafundishwa na mtu. Wangu ameachiwa mashine.

Nilisukuma mlango bila hodi.

"Madam, mtoto wangu amefanya nini mpaka anatengwa?"

"Hajatengwa, Mama Chela. Karibu. Yuko anasoma. Tableti inamsomea, neno likisomwa linawaka rangi, yeye analifuata na kidole."

"Inamsomea? Na yeye atasoma lini?"

"Hivyo ndivyo anavyosoma. Akili yake iko sawa kabisa, ni herufi tu ndizo zinamchanganya. Akilisikia neno huku analiona, linashika. Dorkas naye anahitaji maandishi makubwa. Hawa wengine ubao unawatosha. Siwezi kuwalisha wote kijiko kimoja, mama."

"Wewe unalipwa ufundishe ama unalipwa uwashe mashine?"

Watoto wote wakageuka. Madam akashusha sauti, akanishika mkono.

"Mama, pole pole. Hii ni ya kumsaidia tu."

Laiti angesema neno lingine lolote! Angeniita mjinga, ningemwelewa. Lakini alisema lile lile la supavaisa, na palepale nikamwona yule mwanaume amesimama kando ya barabara anapapasa mashine yake.

Chela alikuwa ametoa kile kitu sikioni. Hakuwa na aibu wala nini. Alikuwa anatabasamu mpaka pengo linaonekana, ameigeuza tableti upande wangu.

"Mama, kuja uone chura!"

Nikamrushia sweta. Nikaondoka.

Na kama ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Sikuishia hapo. Nilianza kampeni!

Huku kwetu, ukitaka habari isambae, ipeleke kwa kituo cha kununua majani. Tunakaa pale na magunia yetu tunangoja lori la kiwanda, hatuna kazi ila midomo. Nikawaambia wanawake kuwa shule inataka kuondoa walimu iweke mashine. Nikawaambia wameanza na watoto wanyonge, kama vile kampuni ilivyoanza na sisi wanyonge. Je, Madam alisema hivyo? Hapana. Hakuna mtu aliyesema hivyo. Niliyatunga mwenyewe, na nilipoyarudia mara nyingi nikayaamini.

Mama Dorkas ndiye peke yake aliyesitasita.

"Lakini Dorkas ananiambia siku hizi anaona kitabu," alisema.

"Anaona kitabu ama anaona mashine? Wewe ulipokuwa unafukuzwa kwa geti ulikuwa umelala?"

Wanawake wakacheka. Mama Dorkas akainamia gunia lake. Alikuwa rafiki yangu, na nilimnyamazisha mbele ya watu kama mtoto.

Mkutano wa wazazi ukafika. Tulikaa uwanjani kwa viti vya plastiki vya kanisa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jambo. Nikasimama.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema juu ya vikapu vyetu. Nilisema juu ya geti. Nilisema, "Mikono yetu walisema haihitajiki tena. Sasa wamekuja kwa ndimi za watoto wetu. Leo mashine inasoma badala ya Chela, kesho itahesabu badala ya wako, kesho kutwa mtaambiwa mtoto mwenyewe hahitajiki!"

Makofi! Vigelegele! Hata wanaume walisimama.

Madam Lily akainua mkono. "Wazazi wangu, naomba niwaonyeshe kidogo tu jinsi inavyo..."

"Kaa chini!"

"Olewa na hiyo tableti yako!" mama mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwalimu mkuu aliona vile watu wamewaka. Hakuna asiyejua hasira ya mashine imewahi kutufikisha wapi huku kwenye chai, mpaka mashine zikachomwa moto. Akasema hataki fujo shuleni kwake, na kuanzia siku hiyo tableti zitafungiwa stoo. Tukapiga makofi tena.

Na sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji. Nilifurahi! Tangu nilipotolewa kwa lile geti hakuna mtu aliyewahi kunyamaza ili anisikilize. Sikuweza kuishinda kampuni. Nikamshinda msichana mdogo mwenye chaki, nikaona nimelipiza.

Madam alinikuta nje, macho yake mekundu.

"Umeongea vizuri, Mama Chela," akasema. "Ulimuuliza Chela?"

"Kwani mtoto anaulizwa?"

Akashika njia. Muhula uliofuata nikasikia ameomba uhamisho, ameenda upande wa Bomet.

Chela alinisubiri mlangoni siku ile ya mkutano. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

"Mama, ni wewe ulisema ziondolewe?"

"Ni mimi. Na usinililie. Mashine ni kitu kibaya, Chela. Inaanza kwa kukusaidia, inamaliza kwa kukufukuza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kweli alisikia. Alisikia kuliko nilivyojua.

Kilichofuata kilinijia polepole. Mwalimu aliyeletwa hakuwa mbaya, ni mtu wa kawaida tu, darasa limejaa, ana ubao na chaki. Kila mtoto anasimama asome kwa zamu. Zamu ya Chela ikifika anasimama, herufi zinahama, anakaa. Wenzake wakapata wimbo.

"Chela ameisha chaji!"

"Mtafutieni waya!"

"Mwanikeni kwa jua!"

Yalitoka darasani yakaja mpaka njiani. Watoto wakiniona na yeye sokoni wananong'ona "chaji, chaji" na kukimbia. Neno la tableti tuliwapa sisi wazazi, wao wakaliongezea tu waya.

Mama Dorkas alimwondoa binti yake akampeleka shule ya bweni ya watoto wasioona, mbali. Mtoto aliyekuwa anaona akipewa herufi kubwa! Mama yake akikutana nami kwa kituo cha majani, anahamisha gunia lake anakaa upande wa pili.

Na Chela wangu, yule wa maneno, akakauka. Nikimuuliza shule ilikuwaje ananiambia, "Ilikuwa." Hadithi ya chura sikuisikia tena. Hata safari ya mtoni akawa anakwenda na kurudi kama mzee mwenye deni.

Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu. Nilikuwa nachunia mzee mmoja, shamba lake limegusa ua wa kampuni. Chai ya huko juu imefunga, ukiinama huonekani. Nikasikia majani yanatikisika, nikadhani ni mbuzi. Nikazunguka mstari.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya vichaka, amevaa sare ya shule, sketi yote imeloa umande. Amekunja sketi kama aproni, na ndani yake kuna majani. Nikayatazama. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, hakuna jani gumu hata moja. Mimi sikumfundisha. Alijifunza kwa kunitazama.

"Chela! Unafanya nini hapa?"

"Nachuna."

"Na shule?"

Hakuinua uso. "Mama, nifundishe kuchuna haraka. Kuchuna hakuna kusoma."

Ng'ambo ya ua mashine ilikuwa inanguruma, inakata mistari mizima kwa wakati ambao mimi ningejaza kiganja. Nilitaka kumwambia, mwanangu, hata kuchuna kwenyewe hakuna tena. Mdomo wangu ule wa mkutanoni ukakataa kufunguka.

Nilikaa chini matopeni. Fito yangu ilikuwa imelala juu ya kichaka. Kama hujawahi kuchuna, nikueleze. Ni kijiti kirefu tu, unakilaza juu ya chai ili uone vichipukizi vipi vimepita kimo na vipi bado. Bila fito unachuna ovyo na karani wa mizani anakukatalia majani. Nimeitumia miaka yangu yote ya kazi. Haikuwahi kuchuna badala yangu hata jani moja! Ilinionyesha tu mahali pa kuweka mkono.

Na mtoto wangu alikuwa amepewa fito yake, nikaivunja.

Nilimshika mkono tukaenda hivyo hivyo, matope mpaka magotini, mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Nikamwambia nataka tableti za Madam Lily. Akaweka kalamu chini.

"Si mlisema zifungwe, mama? Zimefungwa."

Nikamwomba. Nilipiga magoti, sioni haya kusema. Akachukua funguo. Stoo ile inavuja. Nyaya zimeliwa na panya, betri zimevimba kama maandazi. Moja ilitoa mwanga kidogo, nikaona uso wa Chela umeinuka, halafu kioo kikawa cheusi. Akateremsha uso wake.

Mwalimu mkuu akanipa namba ya Madam Lily. Nikapiga nikiwa nje ya stoo pale pale, nikijiandaa kwa matusi. Nikamwambia mimi ni nani. Nikasema nimekosea.

"Anaendeleaje?" akauliza.

Nikalia. Akaningoja nimalize.

"Simu unayopigia ni ya kugusa kioo?"

"Ni ya kugusa, kioo kimepasuka."

Akanielekeza. Ingia hapa, shuka, bonyeza pale. Ilikuwepo! Sauti ya kusomea mtu maandishi, neno kwa neno, na neno linawaka. Ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu wakati wote. Niliibeba mpaka mkutanoni. Siku ile nasimama kuifukuza mashine, nilikuwa nayo kiunoni!

Madam akanitumia hadithi ya chura, ameiandika yote. Sikujua watu wa namna hiyo bado wapo.

Tulipofika nyumbani nikamkalisha Chela, nikaweka simu mbele yake, nikabonyeza. Sauti ikaanza. Chura, bwawa, jua kali. Maneno yanawaka moja moja juu ya mipasuko ya kioo.

Chela akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Zima, Mama."

"Chela, ni ile ya Madam. Ni chura wako."

"Zima! Hiyo ni mashine. Inaanza kwa kukusaidia, inamaliza kwa kukufukuza."

Maneno yangu, hakuruka hata moja. Mtoto ambaye neno la ubaoni halimshiki, hilo langu lilimshika.

Nimemwambia nilidanganya. Nimemwambia Mama hakujua. Ukimwambia mtoto neno moja kwa hasira ya kweli na lingine kwa machozi, unadhani ataamini lipi?

Sasa kila jioni ninapopika naiacha simu juu ya kigoda inasoma. Yeye hutoka nje, anakaa na kuku mpaka iishe. Juzi hakutoka. Alibaki amenipa mgongo, anachambua mboga. Chura akafika pale anapokataa kuhama. Sikugeuka, niliogopa hata kukohoa. Sijui kama alikuwa anasikiliza au ni mvua tu ilimzuia kutoka. Sijui! Mama mzima, na sijui tena mtoto wangu anasikiliza nini.

Kwa wenye mashine za chai, msidhani hapa nawaomba msamaha. Bado nina hasira nanyi na nitakufa nayo. Lakini hasira ile ilikuwa yenu, nikaenda kummwagia mtoto.

Na wewe mama unayesoma hapa, unayejua kuongea, unayepigiwa makofi kama mimi. Siku utakapokuta mtoto wako amekalishwa na kitu usichokielewa, funga huo mdomo. Ingia darasani, vuta kiti ukae kando yake, mwambie akuonyeshe. Kama ni kibaya utakiona, na mkutano hautakimbia.

Wangu aliniita. Alinigeuzia kioo, akacheka na pengo lake, akasema, "Mama, kuja uone."

Hatua chache tu kutoka mlangoni. Sikwenda.